Mdomo Wako Kwenye Soksi

9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu unajua simu ya Jumapili inavyokuwa. Mama ameweka sauti kubwa, shangazi anauliza nani huyo, watoto wanagombania kuongea, na mwisho wa yote tumesalimiana tu. Ya kweli tuandikiane, wewe na mimi.

Ya kweli ni kwamba kazi sijapata. Nimejibu kila tangazo la fundi wa meno ya bandia lililotoka katika mji huu. Kibali cha kazi ninacho, na vyeti vyangu vimegongwa mihuri hadi havina pa kugongwa tena. Majibu yanakuja kwa adabu sana. Wanasikitika, wananitakia kila la heri. Wanasikitika mno hadi nimeanza kuwahurumia.

Unakumbuka nilivyokubaliana na kaka yako. Daktari ananiwekea meza yangu ya ufundi hapo kliniki kwenu hadi mwisho wa Juni. Ikifika Juni bado nimekaa, narudi na watoto, naye anabaki amalize mkataba wake peke yake. Pale uwanja wa ndege tuliyasema haya kwa ujasiri. Sasa namwona anavyosimama mlangoni kuwaangalia watoto wamelala, na ule ujasiri sijui umeishia wapi. Kukaa bila kazi siwezi, unanijua, nikikosa nta mikononi nagombana hata na pazia. Na kumwacha siwezi. Nataka vyote viwili.

Jirani wa ghorofa ya chini, mgeni kama sisi, ni mpima ardhi. Juzi alinikuta kwenye ngazi na bahasha nyingine ya masikitiko, akacheka mpaka akakaa. Akaniambia kazi za huku zikifika kwenye tangazo zimeshapoa, wenyewe wameshapeana. Kazi yenyewe ipo kichwani mwa mtu kabla haijaandikwa popote. Basi anasema niende kwa watu wanaoijua fani yangu, na kazi nisiombe kabisa. Niwaombe wanieleze tu kazi inakwendaje hapa, na kabla ya kuaga niulize ni nani mwingine wa kuongea naye. Nimemwambia huko ni kujipendekeza. Amesema ni kujulikana, na mimi sasa hivi sijulikani hata na paka wa jengo.

Mdomo wako wa plasta, ile nakala ya meno yako niliyoichukua ili nikuchongee jino, ninao. Niliufunga kwenye soksi nzito ya kaka yako, ukafika salama. Mkaguzi wa mizigo aliufungua akaruka hatua nzima nyuma. Jino lako sijalisahau.

Wifi yako wa ugenini


26 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisomea hapa mapokezi, nyuma ya kitabu cha miadi, wagonjwa wakidhani natafuta nafasi zao.

Sasa nieleze vizuri. Umesafiri umbali wote huo, unakwenda kwa mtu, unakunywa kahawa yake, unamuuliza habari za kazi, halafu kazi yenyewe huombi. Unaaga. Unakwenda kwa mwingine, huombi tena. Huku kwetu mtu wa hivyo tunamwita mzururaji, na huwa tunaficha biskuti akikaribia. Huyo mpima ardhi wako apime na akili zake.

Rudi nyumbani. Meza yako ipo, aproni yako iko kwenye msumari wake na lile doa la waridi la ufizi wa bandia ambalo halijawahi kutoka. Daktari anapita pale anaguna. Mama ameshapaka rangi chumba cha watoto, kijani, usimwambie nimekuambia.

Na mdomo wangu nakuomba usiuonyeshe watu. Aibu ninayoipata hapa inanitosha. Mtu wa mapokezi wa kliniki ya meno, na pengo mbele kama mlango ulioachwa wazi. Jana mama mmoja aliniangalia nikiongea, akamwambia mumewe waende kliniki nyingine. Daktari amesema atanitengenezea mwenyewe. Nimekataa. Sifunguliwi mdomo na mwanamume ninayemjibu kila siku. Nilisema utanitengenezea wewe, na bado nasema hivyo, hata kama mpaka sasa unaufuga kwenye soksi.

Wifi yako wa mapokezi


20 Machi

Wifi mwenye hasira,

Nimezurura. Nimeanza, na sina pa kuficha uso.

Mtu wa kwanza alikuwa muuza vifaa. Huyu ndiye anayezipelekea maabara zote za meno za mji huu plasta na nta, kwa hiyo anaingia kila mlango. Mpima Ardhi alimpata kupitia kinyozi wake. Akanionya: watu wa huku muda wao ni mfupi, ukikaa tu, sema lililokuleta.

Nikaingia ofisini, maboksi ya plasta hadi darini. Nikakaa. Na kilichonitoka mdomoni ni habari za asubuhi, habari za kazi, nyumbani hawajambo, watoto, wazazi je, wanaendeleaje na afya. Yote, Wifi, moja baada ya nyingine, kwa lugha yao ninayoikwangua kama sufuria iliyoungua. Nilikuwa najisikia na siwezi kusimama. Kwetu nani anaingia kwa mtu na kumrushia shida yake kabla hajajua kama wazima. Yule bwana aliitazama saa ya ukutani. Nikajua nimeharibu.

Halafu akajibu. Alianza na watoto, wazima. Alipofika kwa wazazi akasema baba hayupo tena, na mama hali chakula vizuri. Alitengenezewa meno mapya, hayavai. Anayaweka kwenye glasi dirishani, anakula vilivyopondwa kama mtoto, na mwanawe ndiye muuza plasta wa mji mzima. Alisema hakuna mtu aliyekuja ofisini kwake akamuuliza habari za mama yake. Muda aliokuwa amenipa ulipita, hakuna aliyeangalia saa tena.

Jumamosi alinipeleka kumwona. Bibi mwembamba, mkali, alinikagua kabla sijamkagua. Kugusa meno ya mtu bila daktari hakuruhusiwi hapa, kwa hiyo nilimwomba ayavae, aume, aseme jina lake, acheke kama anaweza. Upande wa kushoto yanagusana kabla ya kulia. Kitu kidogo, lakini ukikaa na kitu kidogo mdomoni kutwa nzima utachukia dunia. Nikamwambia mwanawe maneno ya kuwaambia waliotengeneza. Wakarekebisha. Juzi alinipigia simu, bibi ametafuna tofaa mbele yake, makusudi, kwa kelele.

Waliotengeneza ni maabara ya mama mmoja ambaye kila mtu anamwogopa. Mimi namwita Bi Darubini, maana huyo bwana anasema havui miwani yake ya kukuzia hata akila. Muuza Plasta ameniombea nikamsalimie. Kasema hivyo hivyo, nikamsalimie.

Wifi yako mzururaji


17 Aprili

Wifi,

Nimecheka kuhusu bibi na tofaa, nikaziba mdomo kwa kitabu cha miadi kama kawaida.

Mama amesikia kwamba unawatembelea mama wa watu wengine na kuwaambia watafune. Ameuliza kama umemsahau yeye. Nimemtuliza, lakini mpigie.

Huku kliniki kazi ni nyingi. Daktari anakusalimu. Aproni yako iko salama, usiwe na wasiwasi nayo. Kuhusu kurudi, nilipoandika mara ya kwanza nilikuwa na hasira, unajua hasira zangu zinavyokimbia mbele yangu. Usiharakishe. Nenda kwa huyo Bi Darubini. Uzururaji huo ukishauanza, heri uumalize.

Chumba cha kijani Mama ameanza kuanikia nguo, kwa hiyo hakuna anayekusubiri kwa haraka.

Wifi yako


13 Mei

Wifi,

Nimeharibu, na safari hii kweli.

Bi Darubini alinipokea. Maabara yake ni safi kuliko jikoni kwangu, madirisha marefu, mafundi wameinama kila mmoja chini ya taa yake, na ile harufu ya nta ya moto ikanipanda kichwani, nikatamani kulia. Ni miezi sijaisikia. Nikaona meza moja pembeni ya dirisha, mzee anasugua jino taratibu, nikaona mikono yangu pale. Tamaa ikanitangulia. Sikumuuliza hata habari za mama yake. Nilisema, una nafasi ya fundi?

Akasema hana. Akaninyooshea mkono niagane naye. Mdomo wako ulikuwa kwenye mkoba muda wote, sikuutoa hata kwenye soksi.

Mpima Ardhi hakunicheka. Aliniuliza tu kwa nini niliomba, nikasema ni Juni. Juni imenikaa shingoni, nikikutana na mtu naiona usoni kwake.

Nimechoka kuwa mtu anayehitaji kitu, Wifi. Nyumbani watu walikuwa wananihitaji mimi. Nimeulizia tiketi. Kaka yako ametengeneza baiskeli ya mtoto na kuibomoa na kuitengeneza tena. Mwambie Daktari mwisho wa Juni nipo, aisafishe meza yangu.

Wifi yako


24 Mei

Wewe Wifi, kaa chini unisikilize.

Tiketi hukati. Simwambii Daktari chochote, na ukimpigia simu mwenyewe nitaikata, mimi ndiye ninayepokea simu hapa.

Nimeisoma barua yako ya kwanza tena na nimemwelewa huyo mpima ardhi wako. Mtu akija dirishani kwangu akasema nisaidie naumwa sana nipe nafasi leo, jibu langu ni hakuna, kabla hajamaliza. Linatoka lenyewe. Akija akaniuliza dada yangu, hivi mtu akitaka kumwona Daktari anafanyaje, nafungua kitabu, nageuza kurasa, namtafutia. Na nafasi inaonekana. Ilikuwepo. Ni mimi yule yule, kitabu kile kile.

Kwa hiyo unarudi kwa huyo mama. Usiombe kazi. Muulize kitu ambacho kweli hukijui. Na unacho cha kuuliza, kimelala kwenye soksi tangu Januari. Jino langu linakushinda, ndiyo maana hujalitengeneza, usinidanganye kwamba huna muda, huna kazi. Mpelekee mdomo wangu. Nilisema usiuonyeshe watu, sasa nasema muonyeshe. Aibu yangu nimeikunja nimeiweka mfukoni, na wewe ikunje yako.

Wifi yako, na safari hii sitanii


18 Juni

Wifi, Wifi, Wifi,

Nimepata kazi.

Nimeiandika juu ili usirukeruke kurasa ukitafuta. Nimepata kazi, ni kazi yangu, ya meno, katika maabara ya Bi Darubini, na mdomo wako ndio ulionitafutia. Kaka yako amenibeba akanizungusha sebuleni hadi tukaangusha taa. Watoto wamepiga makofi bila kujua kwa nini.

Sasa kaa nikusimulie. Nilikwenda bila miadi, soksi mkononi. Nikamkuta Bi Darubini anakunywa chai. Nikamsalimia kama mtu anavyosalimiwa, habari za kazi, habari za nyumbani. Nikamwambia, "Sikuja kuomba kazi, ulishaniambia huna. Nina jambo la kifundi limenishinda."

"Jambo gani?"

Nikautoa mdomo wako nikauweka mezani karibu na kikombe.

Uliniandikia kweli, Wifi, jino lako lilikuwa linanishinda. Tangu lile ling'oke, jirani zake wameegemea kwenye pengo, mmoja amejizungusha kidogo. Jino la kawaida haliingii, na jembamba linalonyooka linakaa pale kama mgeni wa serikali. Nilishalichonga kwa nta mara nyingi na kuliyeyusha. Nikamweleza yote hayo, na kwamba mwenyewe ni wifi yangu, anaongea tangu asubuhi mpaka jioni na akicheka anaziba mdomo.

Akashusha miwani ya kukuzia. Akaugeuza mdomo wako hivi na hivi. Chai ikapoa. Akasema, "Unajaribu kuficha kwamba wamesogea. Usifiche. Lipindishe na lenyewe, liegemee kidogo juu ya jirani, kama lililoota hapo." Akaniletea nta na taa, akavuta kiti kingine. Tukachonga, yeye anasema toa hapa, mimi nasema kwetu ukali wa ncha tunaupunguza kwa mtu mzima kwa sababu ameshausaga kwa kutafuna maisha yote, na yeye akasema hilo hakuwa akilifanya, nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Yule mzee wa pembeni ya dirisha akaja akasimama nyuma yetu. Kisha fundi mwingine. Tumekuzunguka, Wifi, watu wazima, tunabishana juu ya jino lako kama ndugu kwenye kikao cha harusi, na mimi nimesahau Juni, nimesahau kwamba mimi ni mgeni, nimesahau hata lugha, nilikuwa nasema tu.

Tulipoliweka mahali pake mzee akasema, "Huyo sasa ni mtu."

Bi Darubini akavua miwani. Macho yake ni madogo na mapole, sikutegemea. Akaniambia, "Huyu mzee anaondoka mwisho wa mwezi. Sikumwambia mtu. Nikitangaza nitaletewa rundo la makaratasi, na karatasi haichongi. Nilikuwa nasubiri nimwone mtu."

Nikasema, "Lakini nilikuja nikakuuliza."

"Ulikuja ukaniuliza kama nina nafasi. Nafasi sikuwa nayo, mzee alikuwa bado amekaa. Anza Jumatatu, ukae naye ujue meza yake. Na yule mama wa tofaa, nilijua ni wewe. Muuza Plasta hana macho hayo."

Nilitoka nje nikapita kituo cha basi bila kukiona, nikatembea mpaka nyumbani. Nilipita dirisha la duka moja nikaona mtu ameonyesha meno yote, nikamtazama vizuri, ni mimi.

Sasa nisaidie jambo moja gumu. Mwambie Daktari kwa upole kwamba sirudi, meza ampe mwingine. Amenisubiri kwa uvumilivu miezi yote hii, naona haya. Mwambie bila yeye nisingethubutu. Kila nilipogonga mlango nilijua kuna mlango mwingine uko wazi nyuma yangu.

Fundi wa meno, tena


6 Julai

Wifi yangu,

Nimeisoma kwa sauti kwa Mama, nikaruka pale pa kuzungushwa sebuleni. Amelia, amecheka, amesema alijua. Sasa wote hapa walijua.

Kuhusu Daktari. Sina cha kumwambia. Meza yako alimpa mtu mwingine mwanzoni mwa Aprili. Kazi zilimzidi, wagonjwa wakawa wanaondoka bila meno, hakuweza kungoja, na simlaumu. Fundi mpya ni kijana mtulivu, anapiga mluzi, utampenda. Asubuhi ile aliyokuja nilitangulia kufika, nikaitoa aproni yako kwenye msumari kabla hajaiona, nikaipeleka nyumbani.

Daktari alitaka kukuandikia. Nikamwambia niachie mimi. Halafu sikukuandikia. Niliandika aproni yako iko salama, na salama ilikuwa, ndani ya kabati langu. Ulipoleta habari za tiketi niliogopa, Wifi. Nilikuwa nakurudisha wewe kwenye mlango wa Bi Darubini huku najua hapa hakuna meza. Lakini nilijiambia, akijua hana pa kurudi, ataingia kwa watu na ile sura ya kuhitaji, nao watasema hakuna, kama ninavyosema mimi. Bora aamini kuna mlango nyuma yake. Kama nimekosa, nigombeze ukishavaa hiki kilichomo kwenye kifurushi.

Nimeifua. Doa halikutoka.

Wifi yako wa mapokezi


29 Julai

Wifi,

Nilikugombeza. Nilikugombeza kwa sauti, peke yangu, chumba kizima, mpaka mtoto akaja kuuliza ninaongea na nani. Nimehesabu kila mlango niliogonga tangu Aprili nikijiona jasiri, kumbe nyuma yangu palikuwa patupu na wewe umesimama pale umekishika kitasa ili nisigeuke. Kisha nikaivaa aproni, nikacheka, nikalia, nikaenda nayo kazini. Mzee aliniachia msumari wake. Bi Darubini ameliona doa la waridi, ameinama na miwani yake, akasema ni doa la fundi.

Jana alinipigia mtu, mgeni mpya, seremala, amepata namba yangu kwa Mpima Ardhi. Amesema hataki kazi, anataka ushauri tu. Nikamwambia aje, nikaweka maji jikoni. Biskuti sikuzificha.

Katika boksi hili, ndani ya soksi ile ile, kuna bamba dogo la kuvaa kaakaani lenye jino moja. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kwenye meza hii, Bi Darubini alikataa nianze na nyingine. Limepinda kidogo, liegemeze kwa jirani yake kama lilivyo. Mwambie Daktari alikague, lakini ulivae mwenyewe, mbele ya kioo, na ukimaliza sema jina lako.

Halafu keti kwenye dirisha lako, mkono wa kushoto kwenye simu, wa kulia kwenye kitabu cha miadi, na mtu akikuchekesha, iache mikono yote miwili hapo hapo.

Wifi yako